Taa ya Oili Kuzimika si Kupona kwa Injini

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa kando ya barabara, mbele ya Misungwi, karibu na Mabuki. "Shikamoo mjomba. Injini inagonga." Nyuma ya sauti yake nilisikia mlio wenyewe, ule wa nyundo ndogo inayopiga chuma bila kukosa pigo, nikamwambia azime gari hapo hapo na asiliwashe tena. Alikuwa amechelewa. Gari hilo ni Subaru Impreza yenye turbo, alilolinunua kwa akiba ya miaka minne ya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na lilirudi Mwanza likiwa juu ya gari la kubebea magari.

Siku nane kabla ya hapo, taa nyekundu ya oili ilikuwa imemwakia kwa sekunde chache alipokuwa akikanyaga mafuta kati ya Nyegezi na Buhongwa. Alifanya jambo lililo sahihi: hakupuuza, alikwenda gereji siku hiyo hiyo. Gereji yenyewe sitaitaja. Walimwaga oili ya zamani, wakaweka oili nzito ya 20W-50, wakaongeza chupa ya ile dawa ya kuifanya oili iwe nzito, wakabadilisha swichi ya oili, na taa ikazimika. Wakamwambia imepona. Katika kazi yote hiyo hakuna aliyepima presha ya oili, na hakuna aliyemuuliza swali ambalo lingeiokoa injini: taa iliwaka gari likiwa katika hali gani?

Jambo hili limeniuma kwa sababu si la gereji moja. Nimelisikia Nyakato, nimelisikia Igoma, nimelisikia kwa watu wanaoendesha Altezza, Mark II za turbo na Forester, magari ambayo injini zake zilitengenezwa kuzunguka kwa kasi na kubeba joto kubwa. Taa ikiwaka, tunatibu taa. Swichi ya taa katika magari mengi huwasha pale presha inaposhuka hadi kati ya baa (kipimo cha presha) 0.3 na 0.5 hivi, basi. Injini inayozunguka mara 6000 kwa dakika ikiwa na baa moja tu ya presha iko katika hatari kubwa, lakini taa yake itakuwa imezimika kimya. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii anayeitegemea taa peke yake hajui chochote kuhusu injini yake, isipokuwa kwamba haijafika mwisho kabisa.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika chumba cha injini cha meli iliyokuwa ikitoka hapa kwenda Bukoba. Kila saa, usiku kucha, alipita na daftari akiandika presha ya oili, joto la oili na joto la maji. Nilipokuwa mdogo niliona kuwa ni kazi ya kuchosha, kuandika namba zile zile hadi asubuhi. Nilipoanza kushika spana mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba namba ya saa nane usiku ilikuwa na maana kwa sababu namba ya saa saba ilikuwa imeandikwa juu yake. Mtu akitaka kujua kama presha imeshuka, lazima kwanza ajue ilikuwa ngapi. Ni wamiliki wangapi wa magari yenye turbo hapa mjini wanaojua presha ya injini zao ikiwa nzima?

Kupima si kazi ngumu. Unafungua swichi ya oili kwenye bloku, unafunga geji ya mshale mahali pake, kwa kiungio chenye uzi unaolingana na ule wa tundu. Magari mengi ya Kijapani yana uzi wa moja ya nane ya inchi wenye meno 28 kwa inchi, na ule wa Kimarekani unaofanana nao una meno 27. Ukiulazimisha wa Kimarekani utaanza kuingia vizuri, kisha utaharibu uzi au kuipasua kingo ya tundu. Baada ya hapo unaipasha injini moto kwelikweli. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mshale wa joto la maji hufika katikati mapema, ilhali oili inachukua muda mrefu zaidi kupata moto. Geji ikisomwa dakika tano baada ya kuwasha itaonyesha presha nzuri hata kwa injini iliyochoka. Endesha kwanza, mpaka Usagara na kurudi kwa mfano, kisha soma gari likiwa silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu kwenye mizunguko 2000, 3000 na kuendelea, na kila namba uiandike.

Mafundi wa mashindano wana kipimo cha jumla cha psi 10 kwa kila mizunguko 1000, yaani takriban baa 0.7, ikiwa oili ni ya moto. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho. Kwa injini za EJ za Subaru, kama ile ya mpwa wangu, kitabu kinataka pampu itoe angalau kPa 98 (karibu baa 1) kwenye mizunguko 600 na angalau kPa 294 (karibu baa 3) kwenye mizunguko 5000, oili ikiwa na nyuzi 80 za Selsiasi. Vitabu vya injini nyingi za Toyota vinaridhika na kPa 29 tu (karibu baa 0.3) kwenye silensa. Mwenye Toyota anayehangaika kwa sababu mshale wake uko chini kuliko wa rafiki yake mwenye Subaru anaweza kuwa anahangaika bure.

Namba zikishaandikwa, zinaanza kuonyesha mahali pa kutazama. Presha ikiwa chini kwenye silensa na oili ni ya moto, kisha ikapanda vizuri mizunguko inapoongezeka, mara nyingi beringi, yale makalio ya chuma laini ambamo krenki (mhimili mkuu wa injini) huzunguka, zimelika au oili imekuwa nyepesi kwa kuchanganyika na petroli. Vuta kijiti cha kupimia unuse. Ikiwa chini kila mahali, tazama pampu na ile valvu ya kupunguzia presha, ambayo kipande kidogo cha uchafu kinatosha kuifanya ibaki wazi. Mshale ukitetemeka na kuanguka kwenye kona, pampu inafyonza hewa. Geji ikionyesha presha nzuri huku taa ikiwaka, hapo ndipo swichi au waya unapostahili lawama. Na presha ikiwa nzuri kwenye silensa lakini ikaporomoka mizunguko inapopanda, basi pampu inanyimwa oili: oili ni pungufu, bomba la kufyonza limepasuka, oringi yake imekatika, au chujio la wavu ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, limeziba. Taa ya mpwa wangu iliwaka alipokanyaga mafuta. Haikuwaka kwenye silensa. Maelezo yote yalikuwa hapo, kwa mtu ambaye angeuliza.

Tulipoifungua sampu nilikaa chini kwa muda. Injini hizi hazina gasketi ya karatasi kwenye sampu, hufungwa kwa silikoni, na mtu fulani huko nyuma alikuwa amepaka silikoni nyekundu kwa ukarimu kama anapaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ilibanwa kuingia ndani, ikakatika vipande virefu, na vipande hivyo vilikuwa vimelala juu ya wavu wa chujio kama maganda ya pilipili, vimefunika zaidi ya nusu yake. Injini ikizimwa, baadhi yake huanguka chini ya sampu; ndiyo maana baada ya kubadilishwa oili taa ilitulia kwa siku nane. Ikizungushwa kwa nguvu, hunyonywa tena na kubandika pale pale. Beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imepoteza ule utando wa kijivu, shaba imejitokeza, na ukucha wangu ulizama kwenye mikwaruzo ya krenki. Oili iliyobaki kwenye beseni ilimetameta juani. Nilipitisha sumaku ndani yake, haikuokota kitu, kwa kuwa vumbi la beringi si chuma. Anayeipitisha sumaku na kuridhika kwamba oili ni safi anajidanganya.

Sasa nirudi kwenye ile 20W-50, kwa sababu hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Pampu haitengenezi presha. Inasukuma oili kwa kiasi, na presha hutokea kwa kuwa oili inapata shida kupenya kwenye nafasi nyembamba za beringi. Anayemwagilia bustani akiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji huruka mbali zaidi, lakini ndoo haijai haraka zaidi. Oili ya daraja la 30 inapokuwa na nyuzi 100 ina mnato wa kati ya milimita za mraba 9.3 na 12.5 kwa sekunde. Ya daraja la 50, kama hiyo 20W-50, ni kati ya 16.3 na 21.9. Ukiweka hiyo ya pili namba kwenye geji itapanda, hakika itapanda, na beringi iliyokuwa ikihitaji oili nyingi ili ipoe itapata kidogo kuliko jana. Kwenye chujio lililoziba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu oili nzito inavutwa kwa shida kupita kwenye vitundu vilivyobaki, na pampu inayovuta bila kupata huanza kutoa mapovu. Povu halibebi krenki. Mpwa wangu aliuziwa kama dawa kitu kilichoukaza ugonjwa wake, na akakilipia.

Na kama tatizo ni beringi zilizolika, nafasi ikiongezeka mara mbili, oili inayovuja kwa presha na mnato ule ule huongezeka mara nane. Hakuna chupa ya dawa inayoweza kufidia mara nane. Wapo wanaoweka shimu (kipande chembamba cha chuma) kwenye springi ya valvu ya presha ili ichelewe kufunguka. Hilo linapandisha kikomo cha juu tu, na kwa presha ya silensa, ambako valvu bado imefunga, halisaidii chochote. Wapo pia wanaofunga pampu kubwa zaidi. Hiyo inaficha tatizo tu.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba oili nzito ina mahali pake. Injini iliyojengwa makusudi ikiwa na nafasi pana kwa ajili ya mashindano huihitaji, na mtu ambaye hana fedha za kufanya ovaholi mwezi huu anaweza kuitumia kwa kuendesha polepole hadi azipate, alimradi ameambiwa ukweli kwamba anasubiri. Ninakubali pia kwamba huenda beringi za mpwa wangu zilikwisha kuumia siku ile taa ilipowaka mara ya kwanza. Lakini sampu ingefunguliwa siku ile, tungebadilisha beringi kabla krenki haijakwaruzwa.

Kuhusu kuiboresha presha, watu hunijia wakiuliza pampu ipi wanunue, nami huwauliza wanaweka oili hadi alama gani. Gari likikata kona kwa nguvu inayolingana na uzito wake lenyewe, oili ndani ya sampu huinama kwa nyuzi 45 na kuliacha chujio likivuta hewa. Kwa magari ya namna hii mimi naanza na kiwango cha oili kilicho kwenye alama ya juu kila wakati, kisha vizuizi vya bati ndani ya sampu vinavyozuia oili kukimbilia upande mmoja, bomba la kufyonza lililoimarishwa kwa kuwa lile la EJ linajulikana kwa kupasuka, na rejeta ya oili kwa anayepanda milima ya Isamilo na Bugando akiwa na haraka kila siku. Mfumo wa sampu kavu wenye tangi la pembeni ni wa magari ya mashindano. Kwa barabara zetu ni gharama bila sababu. Filta uliyoitoa usiitupe. Ikate kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno unaoacha unga wake wa chuma, kisha ikunjue karatasi yake juani uone imebeba nini.

Injini ya mpwa wangu tumeijenga upya kwa wiki mbili. Krenki ilichongwa, nafasi ya kila beringi tukaipima na kuiandika, zote zikiwa karibu na milimita 0.05, na silikoni ya sampu nikaipaka mwenyewe, mstari mwembamba kama uzi wa viatu. Jumamosi tuliendesha hadi Usagara, tukarudi, tukasimama kivulini pale Mkuyuni huku geji ikiwa imefungwa. Alisoma mwenyewe: baa 1.3 kwenye silensa, baa 3.1 kwenye mizunguko 3000, baa 4.4 kwenye 5000, mshale umetulia. Aliandika tarehe na namba hizo kwenye daftari dogo la hesabu za dagaa, akaliweka kwenye droo ya gari. Tutapima tena akifikisha kilomita 1000, mahali pale pale, baada ya safari ile ile.