Hornaday hakuwa mpita njia

Mwandishi, katika makala yako umesema mbio za pikapu za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, ni ngazi tu ya vijana wanaosubiri kupanda Cup, daraja lake la juu kabisa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mtazame dereva Ron Hornaday Jr. Alianza msimu wa kwanza kabisa wa mbio hizo za pikapu, 1995, kwenye gari namba 16 la timu ya dereva mashuhuri Dale Earnhardt, akatwaa ubingwa 1996 na 1998. Mwaka 2001 akaenda Cup na timu ya A. J. Foyt, hakushinda, akaachwa. Wengi wangeishia hapo. Yeye alirudi kwenye pikapu, akawa bingwa tena 2007 na 2009 akiwa na timu ya dereva mwenzake Kevin Harvick, na huo wa mwisho aliupata akiwa na miaka 51! Msimu huohuo alishinda mbio tano mfululizo. Tano!

Tena tusisahau kwamba pikapu ina kimo, inapasua upepo kwa nguvu, na anayekufuata kwa karibu anakuyumbisha nyuma hadi magurudumu ya nyuma yanaanza kuteleza. Kulidhibiti gari hilo miaka yote hiyo ni ufundi wa mtu mzima, si mazoezi ya watoto.

Na huyo Harvick aliyekuja kuwa bosi wake, kabla hajawa na jina alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni kwa Hornaday. Dereva mwingine, Jimmie Johnson, pia. Ushindi wa Hornaday mara 51 kwenye pikapu ulikuwa rekodi mpaka dereva Kyle Busch alipoipita mwaka 2019. Makala nzima, jina lake halimo. Tafadhali liongezeni.