Namba Iliyoganda: Tuunganishe Mitambo Yetu kwa Kiasi Gani?

Kwenye viwanda vya Changamwe, Shimanzi na Miritini, hapa Mombasa, ubishi ninaoukuta katika vyumba vya kuendeshea mitambo ni ule ule. Vijana wanataka kila kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, kiingie kwenye mtandao, ili presha ya boila na kina cha matangi visomwe ofisini, hata kwenye simu. Mafundi wakongwe wanataka kila kipimo kibaki na waya wake. Nimefanya kazi ya vipimo muda wa kutosha kuwahi kusimama pande zote mbili, na kila upande umeshika jambo la kweli.

Nianze na waya. Kwa miongo mingi kihisi kimekuwa kikituma kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Tangi tupu ni 4, tangi lililojaa ni 20. Haianzii sifuri kwa sababu sifuri ina kazi yake: waya ukikatika, au chumvi ya hewani ikila kiungo, mkondo huanguka chini ya 4 na paneli hutambua papo hapo kwamba hapa pana hitilafu, wala si tangi tupu. Waya huo hutangaza kifo chake wenyewe. Kwetu pwani, ambako kisanduku cha viungio kisipofungwa vizuri shaba yake huota ukoga wa kijani, hilo ni jambo kubwa.

Ila waya huo ni ghali, na hubeba habari moja tu. Vipimo mia mbili vinataka jozi mia mbili za nyaya, mitaro ya kuzilaza na mtu wa kuzifuatilia siku moja ikileta shida. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ilitoa itifaki ya Modbus, yaani lugha ya vifaa kuulizana na kujibiana, na kwa jozi moja ya nyaya vifaa vingi vikaweza kuulizwa kimoja baada ya kingine. Leo maswali hayo hayo hupita kwenye kebo ya mtandao wa kawaida. Vali haisemi tena imefunguka kiasi gani peke yake. Husema pia imefunguka na kufungwa mara ngapi tangu iwekwe pale. Injini ya pampu husema beringi yake inapata joto kuliko wiki iliyopita. Kwa anayejua uchungu wa kusimamisha kiwanda akisubiri kipuri kiletwe kutoka ng'ambo, onyo la wiki moja ni pesa.

Na kuna mahali ambapo kukataa mtandao hakuna utetezi. Mombasa hunywa maji ya mbali: bomba la chemchemi za Mzima, lililoanza kutuletea maji mwaka 1957, lina zaidi ya kilomita 200, na maji ya Baricho hutoka kandokando ya mto Sabaki. Bomba la urefu huo haliwezi kulindwa na mtu wa kushika tochi kila penye vali. Weka mita za mtiririko mwanzo, katikati na mwisho, zizungumze kila dakika, na tofauti kati yake itaonyesha maji yanapotelea kipande gani. Mkongwe anayepinga hilo simwelewi.

Ninapomwelewa ni kwenye namba iliyoganda. Katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia nilichowahi kufanyia kazi, skrini ilionyesha tangi liko asilimia 62, ikaendelea kuonyesha 62 jioni nzima. Plagi ya kebo ilikuwa imelegea. Kifaa cha lango, kinachopitisha vipimo kutoka mtamboni hadi kwenye skrini, kilishika kipimo cha mwisho kilichopokea na kuendelea kukitoa kila kilipoulizwa, na mwenye zamu akakiamini, kwa kuwa hakuna kilichomwambia asikiamini. Tuliligundua mafuta yalipokuwa tayari sakafuni. Waya wa zamani ungepiga kelele kabla hajamaliza chai yake.

Dawa yake si ghali. Kila kidhibiti kipewe kihesabio kinachoongeza moja kila sekunde, mithili ya mapigo ya moyo. Kihesabio kikisimama sekunde tano, skrini ifute namba zote za kidhibiti hicho na king'ora kilie. Ni mistari michache ya programu. Inaachwa kwa sababu siku ya kukabidhi mradi kila kitu huwa kinafanya kazi, na hakuna anayechomoa kebo kuona kitakachotokea. Mimi nataka ichomolewe, mbele ya anayelipia.

Upande wa usalama, Modbus ilizaliwa bila kufuli. Anayefika kwenye mtandao huo haulizwi jina wala neno la siri: amri namba 3 husoma kipimo, namba 6 na 16 huandika, yaani hubadilisha namba iliyomo ndani ya kifaa, na kifaa hutii. Januari 2024, mjini Lviv nchini Ukraine, wahalifu walitumia itifaki hiyo hiyo kupotosha vidhibiti vya joto la majumbani, na majengo zaidi ya 600 yakakaa karibu siku mbili bila joto katikati ya baridi kali. Miezi miwili kabla, vidhibiti vya maji huko Pennsylvania, Marekani, viliingiliwa vikiwa vinafikika kwenye intaneti. Aina hiyo ilikuwa ikitoka kiwandani na neno la siri 1111.

Wakongwe husimulia visa kama hivi kuhitimisha kwamba tusiunganishe. Mimi navisoma tofauti. Desemba 2015, pia Ukraine, wateja wapatao 225,000 walizimiwa umeme kwa kuingiliwa mitandao, nao ukarudi ndani ya saa chache kwa kuwa mafundi waliendesha magari hadi vituoni wakawasha swichi kwa mikono. Mtandao ndio uliowaangusha. Kilichowainua ni kwamba mkono ulikuwa bado na mahali pa kushika.

Kwa hiyo naomba tusome kwa upana na kuandika kwa finyu. Kati ya ofisi na mtambo liwekwe lango linalopitisha amri za kusoma na kukataa za kuandika, namba 5, 6, 15 na 16. Udhibiti wa presha na joto ubaki ndani ya kidhibiti kilicho kando ya mashine, kiendelee na kazi hata ofisi yote ikizimika. Kinga ya boila kukauka maji isipite kwenye mtandao hata kidogo. Ibaki na waya wake hadi kwenye relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Mwaka 2017, kiwanda cha kemikali huko Saudi Arabia kilivamiwa hadi kwenye mfumo wake wa usalama, na ufunguo wa vidhibiti vya mfumo huo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kupokea programu.

Vijana watasema faida kubwa iko kwenye kuandika, kompyuta ipange joto yenyewe na kuokoa mafuta. Ni kweli. Basi iruhusiwe kupendekeza, na kidhibiti chenyewe kiwe na mipaka: presha ya boila kati ya bar 7 na 9, amri ya 12 itupwe. Itifaki mpya zaidi, kama OPC UA ya 2008, zina kufuli zake, na kwa mitambo mipya nakubaliana nao. Ila kidhibiti cha miaka ishirini hakitajifunza kufunga mlango.

Na mlango ulio wazi kuliko yote ni modemu ya aliyetuuzia mtambo, inayowaka usiku na mchana ili aweze kutusaidia akiwa mbali. Msaada huo tunauhitaji. Hata hivyo modemu hiyo iwe na swichi ukutani, iwashwe akipiga simu na kuzimwa akimaliza, na mwenye zamu aandike saa zote mbili daftarini.