Amri ya Mwenye Meno Mawili

Katika nyumba yetu ya kupanga huku Tudor, ghorofa ya tatu, tunaishi watu watatu: mmoja analipa kodi, mmoja anapika, na wa tatu, ambaye ana miezi saba na meno mawili ya chini, ndiye anayetoa amri. Mimi na mama yake tulipooana tulikubaliana kwamba kila jambo la nyumbani tutalizungumza hadi tuafikiane, na kwa kweli bado tunazungumza, ila sasa twazungumza kwa kunong'ona, kwani sauti ikipanda kidogo mwenye amri huamka, na akiamka hakuna tena la kuzungumza.

Nayasema haya katikati ya mwezi wa Februari, na mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa Februari ni nini. Kaskazi inavuma, ni kweli, lakini inavuma huko baharini. Ndani ya chumba kinachotazama ukuta wa jirani hakuna kinachovuma isipokuwa pangaboi, na pangaboi hutegemea umeme, na umeme una tabia ya kuondoka saa nane za usiku bila kuaga. Mchana joto hufika nyuzi 32, usiku hushuka hadi nyuzi 25 au hivi, kisha huchoka kushuka, na hewa huwa na unyevu kiasi kwamba shati ulilolianua kambani huwezi kujua kama limekauka au limekata tamaa. Pangaboi likisimama, mwenye amri, yaani Athmani, hulia. Wahenga waliosema kwamba mwenye kelele hana neno hawakuwahi kulala chumba kimoja na mwanangu, kwa sababu yeye kelele anazo na neno pia analo, nalo ni moja tu: nipepeeni. Basi mimi huchukua pepeo la ukindu nikapepea, mama yake akapokea zamu, nami nikapokea tena, na mkono ukilegea hata kidogo tu, jicho moja hufunguka kutukagua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama mzazi likizo ya miezi mitatu na baba majuma mawili, yote kwa mshahara kamili. Siilalamikii sheria. Nasema tu kwamba aliyeketi akaandika hayo majuma mawili bila shaka aliamini kwamba siku ya kumi na tano mtoto huanza kulala.

Joto hili limemtia harara shingoni na kwapani, na harara imetuletea washauri. Jirani wa chini anasema apakwe poda. Jirani wa juu anasema poda isimkaribie kabisa, bali aogeshwe maji ya mwarobaini, na hilo la kuogesha lingekuwa rahisi kama mfereji wetu ungekuwa unatoa maji badala ya kukohoa. Mwenye mkokoteni wa maji, ambaye hutuuzia mitungi ya lita ishirini na kuipandisha ngazi huku akihema kwa makusudi ili nione huruma, naye ana dawa yake, na dawa hiyo inahitaji mtungi mmoja zaidi. Muuguzi wa kliniki peke yake ndiye aliyesema neno fupi, kwamba tumpunguzie mtoto nguo. Tulimpunguzia. Jioni ile ile mama mkwe akatuma kutoka Likoni soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, pamoja na salamu.

Ndiyo maana sisi hutoka nje. Watu hudhani wazazi wapya wanatembeza mtoto ili aone dunia, kumbe wanatafuta upepo. Tatizo ni kwamba kutoka kwenyewe ni kazi kubwa kuliko huko tunakokwenda. Nilipokuwa kapera nilikwenda Malindi kwa siku mbili nikiwa na mswaki mfukoni. Siku hizi tukitaka kwenda kupunga upepo Mama Ngina, mahali ambapo tuktuk hufika kabla hujamaliza kubishana nauli, hubeba mfuko wenye nepi, na nguo za kubadilisha, na nguo za kubadilisha zile za kubadilisha, leso mbili, moja ya mbeleko na moja ya kumfunika, maji yaliyochemshwa, uji ndani ya chupa ya chai, kijiko, kijiko cha akiba kwa sababu cha kwanza hutupwa, na kijitabu cha kliniki, ambacho sijui tunakwenda kumwonyesha nani. Vitu vyangu mimi ndani ya mfuko huo ni funguo, nazo siku zote ziko chini kabisa, chini ya uji.

Na kuna kofia. Ni kofia nyeupe yenye mpira unaopita chini ya kidevu, na Athmani hukubali kuvalishwa kwa upole unaotia shaka. Hukaa nayo mpaka tumeshuka ngazi zote, tumepita duka la mtaani na tumeketi ndani ya tuktuk. Hapo huingiza kidole gumba chini ya mpira, akauvuta taratibu mpaka mwisho wake, akanitazama machoni, kisha akauachia. Mpira ukimpiga kidevuni hulia kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa, na dereva hugeuka kunitazama mimi. Huko Mama Ngina, chini ya mibuyu, mama yake hula mihogo ya kukaanga kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizuia vidole vya mtoto visifike kwenye pilipili na ndimu, nami hunywa dafu nikiangalia meli zikiingia Kilindini polepole, zikiwa na mizigo mingi, ingawa meli angalau hupewa rubani wa kuziongoza.

Safari ya ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi, inataka hesabu. Kwanza lazima maji yawe yamejaa, kwa sababu yakikupwa bahari hurudi nyuma hadi karibu na miamba na kukuachia mwani na matope mepesi. Pili, jua lisiwe kali, yaani iwe asubuhi mapema au baada ya alasiri. Tatu, mtoto awe macho, ameshiba, na hana kinyongo na mtu. Mambo mawili ya kwanza yana utaratibu wake: jua linajulikana, na maji hujaa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika hamsini hivi, na jedwali lake huchapishwa mapema kwa mwaka mzima ili mabaharia na wavuvi wajipange. La tatu halina jedwali. Maji yakijaa asubuhi, Athmani amelala, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwamsha mtoto aliyelala ili akamwonyeshe maji. Akiamka, maji yamekwenda zake na jua liko utosini. Jioni ikifika kukiwa na kivuli, na maji yanarudi, na mtoto amekula, daraja la Nyali huwa limejaa magari kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukishalivuka, Kongowea inakungojea na mikokoteni yake ya vitunguu. Ndani ya matatu, mtoto hupakatwa bila nauli, kama ilivyo desturi, lakini mfuko wake ulilipishwa kiti. Nilimwuliza makanga ni sheria ipi hiyo. Akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mtoto hajachukua nafasi ya mtu, ila mfuko umechukua.

Mara moja hesabu hiyo ilikubali. Tukafika mambo yote matatu yakiwa sawa, na ufuo ukiwa umechangamka, wenye kukodisha maboya wakiita, watoto wakubwa wakirukia mawimbi, na ngamia mrefu amepambwa shanga akipita mbele yetu kwa madaha. Nilimwinua mwanangu ili amwone ngamia. Wageni huvuka bahari kuja kupigwa picha na ngamia huyo. Athmani alimtazama ngamia kwa muda ambao mtu hutazama ukuta, kisha akageuka akaanza kuchunguza kamba ya ndara yangu. Nilimteremsha ukingoni, wimbi dogo likamgusa vidole vya miguu, akatabasamu, nasi tukatabasamu, mama yake akatoa simu kupiga picha, na katika sekunde hiyo hiyo mtoto akachota ukofi wa mchanga akautia kinywani. Picha ipo. Inaonyesha mkono wangu ukiwa ndani ya kinywa cha mtoto hadi kifundo, na nyuma yetu ngamia akitazama kwa dharau.

Hata hivyo hayo ni matembezi ya hiari. Kwenda kwa mama mkwe Likoni ni wajibu, na wajibu hupitia feri. Kivuko hicho hakimtozi mwenda kwa miguu hata senti, na kuvuka kwenyewe hakuchukui muda. Ni kungoja ndiko kunakochosha, kisha lango likifunguliwa umati wote huteremka mbio, na mwenye mtoto hana budi kuteremka nao, apende asipende. Jumapili iliyopita nilikuwa nimembeba Athmani kifuani, mama yake ameachiwa mfuko kwa mara ya kwanza tangu uanze kuitwa mfuko. Hatujaondoka upande wa kisiwani, mama mmoja aliyevaa buibui akaniambia, "Mwanangu, mfunike mtoto, upepo wa bahari huu utamwingia kifuani." Nikamfunika. Tulipofika katikati ya maji, mzee mmoja mwenye kofia ya kazi nzuri akaniegemea akasema, "Kijana, mfunue mtoto huyo, wamchemsha." Nikamfunua. Yule mama akaniona. Nikamfunika nusu, nikidhani nimepata suluhu, na hapo bibi wa tatu akatangaza kwa wote wanaohusika na wasiohusika kwamba mtoto yule wala hana joto wala hana baridi, ana njaa. Kisha, bila kuniomba ruhusa, akampokea mikononi mwangu. Nilimfuata hadi nchi kavu nikiwa na leso begani na maneno mdomoni, akanirudishia mtoto akinukia udi, akacheka, akasema nimsalimie mama mkwe, kumbe ni watu wa mtaa mmoja na habari za safari yetu anazo tangu juzi.

Mama mkwe hamwiti mjukuu wake kwa jina. Humwita mume wangu, kama ilivyo utani wa bibi na mjukuu, na utani huu umenigeuza mimi kuwa mtumishi wa watu wawili waliooana.

"Mume wangu amekonda," alisema tulipobisha hodi, kabla ya kuitikia salamu.

"Mama, juzi amepimwa kliniki, ana kilo nane na nusu," nikamjibu.

"Mwamlisha karatasi za kliniki nyinyi."

Miezi sita ya mwanzo tulikaa naye katika vita baridi juu ya maji. Kliniki ilikuwa imetuagiza kwamba mtoto asipewe chochote ila maziwa ya mama, hata maji asipewe, mpaka atimize miezi sita, na mama mkwe akauliza iwapo nasi tulilelewa kwa maziwa ya mama na hewa. Tulishinda vita hivyo kwa shida. Miezi sita ilipotimia akaweka mbele ya mumewe bakuli la uji wa mchele wenye tui na hiliki, na yule yule anayeutemea ukutani uji wa wimbi tunaompikia Tudor, akaumaliza, akakilamba kijiko, akapiga bakuli kuagiza mwingine. Mama mkwe hakusema neno. Alinitazama tu, na ningependelea angesema.

Kabla hatujaondoka sharti mtoto apakwe wanja, nyusi zote mbili na alama kipajini, ili jicho la watu wa feri lisimpate. Siku ya baridi ni pambo zuri. Siku ya kaskazi, jasho na wanja havikai pamoja, na tulipofika Tudor tulikuwa tumembeba mtoto mweusi pua na mashavu kama muuza makaa. Jicho halikumpata, hilo nakiri. Nani angemhusudu?

Sasa nimepata simu. Zamani kaskazi ilituletea majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yaliyokuja na tende na mazulia yakingoja kusi iyarudishe kwao. Siku hizi, tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, kaskazi hutuletea jamaa kutoka Nairobi, wanaoteremka Miritini jioni wakiwa wamevaa kaptura tayari, nao hawangoji upepo wowote kuwarudisha. Shangazi yake Athmani anakuja Jumamosi na wanawe. Anataka kujua ni saa ngapi nzuri ya kwenda ufuoni, nami nimemwambia kwamba swali hilo haliulizwi kwangu. Anamletea mtoto kigari cha magurudumu manne, cha kukunjwa, ambacho asema kitatupunguzia mzigo sana, na mwishoni, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akauliza iwapo ghorofa yetu ina lifti.

Nikamwambia ina ngazi. Akanifariji kwamba kigari hicho ni chepesi, mtu mmoja anaweza kukibeba bila shida, na akanishauri nikibebe mtoto akiwa ndani, maana asikia kwamba mtoto huyo akishatulia mahali hapendi kutolewa.