Mlango wa nyuma wa viendeshi

Uzuri wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, tangu miaka ya 1970, umekuwa katika uamuzi mmoja: kifaa huonekana kwa programu kama faili. Programu hukifungua kwa open, husoma kwa read na kuandika kwa write, bila kujali kama upande wa pili kuna diski, kibodi au printa. Naupenda sana uamuzi huo, na ndiyo maana inaniuma kuona ulivyotobolewa na mwito (ombi la programu kwa mfumo) mmoja tu, ioctl, ulioingia katika Toleo la 7 mwaka 1979.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli, kwa sababu kusoma na kuandika peke yake hakutoshi kukiagiza kiendeshi, yaani programu inayosimamia kifaa, kibadili kasi ya laini au kitoe diski. Lakini badala ya kubuniwa lugha ya maagizo, uliachwa mlango ambao kila kiendeshi hupitishia kitakacho: namba ya agizo pamoja na anwani ya kumbukumbu, ambayo maana yake hujulikana na kiendeshi hicho pekee.

Linux, mfumo unaofuata mtindo wa Unix, ilijaribu kuweka utaratibu. Kwa kawaida namba ya agizo ina biti 32, na 14 kati ya hizo hutaja ukubwa wa data inayopitishwa. Sasa chukua data yenye kielekezi (anwani ya mahali katika kumbukumbu) ndani yake: kielekezi hicho ni baiti 4 katika programu ya biti 32 na baiti 8 katika ile ya biti 64, kwa hiyo ukubwa hubadilika, namba nayo hubadilika, na kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 64 hupokea agizo isilolitambua kutoka kwa programu ambayo msimbo wake haukuguswa hata herufi moja. Ilibidi uongezwe mkondo mzima wa kutafsiri, compat_ioctl, kwa kosa ambalo mara nyingi lingeepukika kama mbunifu angechagua tangu mwanzo sehemu za upana usiobadilika.

Plan 9, mfumo endeshi uliotoka maabara ya Bell Labs, iliuacha kabisa mwito huo. Huko kifaa kina faili la pili la maagizo, na maagizo ni maandishi: ukitaka laini ya mawasiliano iende kwa kasi ya 9600, unaandika b9600 katika eia0ctl. Agizo la namna hiyo husomeka kwa macho na huvuka mtandao hadi kwenye mashine ya aina nyingine likiwa na maana ile ile. Wanaolalamika kwamba maandishi ni mazito wana haki pale panaposafirishwa picha nyingi kwa sekunde. Kwa agizo linalotolewa mara moja kifaa kinapowashwa, sioni uzito wowote.

Jambo ninalolishikilia zaidi, hata kwa anayelazimika kutumia ioctl, ni ukali. Mwito wa open ulikuwa ukipuuza biti za chaguo usizozijua, na kwa sababu hiyo kuongeza uwezo mpya kwa usalama kukawa kugumu hadi mwito mpya, openat2, ulipokuja na Linux 5.6 mwaka 2020 na kuanza kuzikataa. Kiendeshi nacho kikague kwamba kila nafasi iliyohifadhiwa kwa matumizi ya baadaye ina sifuri, na kirudishe kosa kama si hivyo. Kisipofanya hivyo, programu zitajaza takataka humo bila kujua, na kwa kuwa kerneli imeahidi kutovunja programu zilizopo, nafasi hiyo haitapewa maana tena.