Mche bila maji ya kaskazi haufiki popote

Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu nchi nzima ili watu watoke wakapande. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wangu wote. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu miche haijawahi kuwa tabu. Tabu ni Januari mpaka Machi, kaskazi inapovuma, jua la saa saba linachoma mpaka ukutani, na mche uliopandwa wakati wa vuli hauna wa kuumiminia hata kopo moja la maji.

Huku Melbourne, Australia, ninakoishi sasa, joto si hadithi. Tarehe 7 Februari 2009 lilifika nyuzi 46.4, na ukame wa zaidi ya miaka kumi ulikuwa umeidhoofisha miti mingi ya zamani. Mwaka 2012 baraza la jiji likatoka na mpango: eneo la umma linalofunikwa na matawi ya miti lipande kutoka asilimia 22 hadi 40 ifikapo 2040. Takwimu kila serikali inazo. Mimi nilivutiwa na vile wanavyoutunza mche ukishaingia ardhini. Wanapanda miezi ya baridi, ili mizizi ipate nafasi kabla ya kiangazi. Joto likiingia, lori la maji linapita mtaani. Shina limesimamishwa kwa vigingi na utepe mpana usiokwaruza gome, na chini limezungushiwa vipande vya magome ili unyevu usikimbie. Tena kila mti wa jiji una nambari yake na anwani ya baruapepe, mwananchi aweze kuripoti tawi lililovunjika. Watu wakaishia kuiandikia miti barua za mapenzi. Nambari ile naitamani sana iwe kwetu, kwa sababu mti wenye nambari ukifa kuna mtu wa kuulizwa.

Wala nisiwafiche: si Melbourne yote iko hivyo. Vitongoji vya magharibi vina miti michache kuliko vya mashariki, na ni kule ambako wahamiaji wengi tunapata nyumba za bei tunayoiweza.

Kuna jambo moja ambalo Mombasa imewapita hawa mbali. Kivuli cha huku kwa kiasi kikubwa huangukia magari yaliyoegeshwa. Cha kwetu kina watu. Chukua mwarobaini mmoja tu, wa mtaa wowote pale Majengo. Asubuhi mama wa mbaazi na mahamri yuko chini yake, karai limefunikwa kitambaa. Mchana ni fundi viatu na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria, na hamali amesimamisha mkokoteni wake apumue. Baada ya alasiri wazee wanakuja na bao lao, na jua likishuka muuza kahawa anafika na buli na vikombe vyake. Mti mmoja unalisha nyumba kadhaa, na kwenye bajeti hakuna anayeufikiria. Ukikatwa, wale watu hawana afisi nyingine ya kuhamia. Kwa hiyo mtu akiniambia miti ni mapambo ya mji, ningependa akae juani pale siku moja tu ya Februari.

(Mji wa Kale nauweka kando. Vichochoro vyake vyembamba na nyumba ndefu vinajitilia kivuli vyenyewe, waliojenga walijua jua la pwani.)

Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho niliona kitu kilichoniuma. Barabara ya mtaani imetiwa kabro, yale matofali ya saruji ya kupanga chini, safi kabisa, watoto hawakanyagi tope tena. Lakini kabro zilikuwa zimepangwa mpaka zikaugusa mwarobaini mkubwa, na saruji imezungushwa shina lote. Mvua ikinyesha, maji yanateleza moja kwa moja mtaroni. Mti haufi siku hiyo. Hukauka ncha za juu kwanza, kisha tawi moja, na baada ya miaka anakuja mtu na msumeno kwa hoja kwamba ni hatari kwa wapita njia. Kuacha mita moja ya udongo kuzunguka shina kungepunguza gharama, maana hata kabro zenyewe zingetumika chache.

Na tuangalie tunapanda nini. Melbourne walijiwekea kanuni kwamba aina moja isizidi asilimia 5 ya miti yote, ugonjwa ukija usiiteketeze mitaa mizima. Sisi tumeegemea mwarobaini, mti mgumu na wenye kivuli kizuri, nami naupenda. Lakini mji unahitaji pia mkuyu, ambao matunda yake yanalisha ndege na popo, na mkwaju, na mbuyu ambao ua lake hufunguka usiku popo wakaja kulichavusha. Mibuyu ya pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, ingekuwa na wenzake wachanga leo, kama waliotutangulia wangeipa nafasi. Kunguru nao wasisahaulike: walitoka Bara Hindi, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na wasipodhibitiwa tutakuwa tunawapandia wao viota.

Wanaosema Mombasa haiwezekani waende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu. Majani yalipodondoka hayakuoza, akaleta majongoo wayale, na uchafu wao ukaanza kuwa udongo. Leo pale ni msitu wenye wanyama. Ilichukua miaka, na kila mwaka alikuwepo mtu wa kuangalia.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeishi nalo: maji yenyewe watu wananunua kwa mtungi, ya mkokoteni, nani atamwagia mti? Ni hoja ya kweli. Lakini kila mtaa wetu una msikiti, na mara tano kwa siku watu wanatawadha pale, maji yale yakaenda mtaroni. Ni maji ya bomba yaliyopita mikononi, usoni na miguuni tu. Pipa moja na mpira wa maji vinatosha kuvusha miche ya mtaa mzima kaskazi mbili, na baada ya hapo mingi itajitafutia yenyewe. Mtume alishatufundisha kwamba anayepanda mti akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake.

Kaunti ifanye yake: ilipe vijana wa kumwagilia badala ya kulipia mahema ya siku ya kupanda, na iweke sharti la udongo kuzunguka shina kwenye kila kandarasi ya kabro. Sisi wa nje tunaotuma pesa za harusi na za kisima, pipa hatushindwi. Kabla vuli haijaingia, mtu wa kila mtaa aende akamuulize imamu maji ya udhu yanamwagikia upande gani, kisha mashimo yachimbwe upande huo.