Meli za kusikiliza: tunamlaumu nani?

Hapa Moshi, kwenye kijiwe chetu cha kahawa, zikitajwa meli za kijeshi za kunasa mawasiliano, hukumu hutoka kikombe hakijapoa: ni wizi, zifukuzwe. Hasira hiyo naielewa. Nani anapenda jirani ategeshe sikio kwenye uzio wake? Tena nchi zenye uwezo husikiliza, nyingine husikilizwa tu.

Lakini tuangalie mipaka. Ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 haumtetei mpelelezi: akikusanya habari za kudhuru ulinzi wa nchi ya pwani, hapiti kwa amani. Nje ya hapo, rada na redio ni mawimbi ambayo mwenyewe ameyarusha angani. Antena inayapokea, haimgusi mtu. China hupinga upelelezi wa kijeshi kwenye ukanda wake wa kiuchumi baharini wa maili 200, ila mwaka 2014 meli yake ya aina hiyo ilikwenda jirani na Hawaii kusikiliza RIMPAC, mazoezi ya kijeshi ya majini ya mataifa mengi yanayoongozwa na Marekani, ingawa China yenyewe ilikuwa imealikwa kushiriki. Nayo Marekani na Urusi ya Kisovieti, zilipoandikiana kanuni za baharini mwaka 1972, hazikukataza kufuatiliana. Zilitaka meli inayofuatilia nyingine ikae mbali, zisigongane. Tena kusikiliza huweza kutuliza hofu: anayesikia jirani yake anafanya mazoezi tu hakurupuki kufyatua.

Mimi huniuma zaidi habari ya mabaharia. Juni 8, 1967, ndege na boti za Israel ziliishambulia USS Liberty, meli ya kusikiliza ya Marekani, karibu na rasi ya Sinai. Israel ilisema iliishambulia kwa makosa; manusura wengi hawajakubali hadi leo. Walikufa 34, wakajeruhiwa 171. Topido moja (bomu linalopita majini) peke yake iliua 25, wengi wao wakiwa kwenye vyumba vya kusikilizia. Na amri ya kuiondoa meli pale ilikuwa imeshatolewa! Ilipotelea njiani, ujumbe mmoja wa amri hiyo ukapelekwa kimakosa hadi Ufilipino. Meli iliyotumwa kunasa ujumbe wa wengine haikuupata wa kwake.

Miezi saba baadaye Korea Kaskazini iliiteka USS Pueblo, meli nyingine ya kusikiliza ya Marekani. Mmoja aliuawa, 82 wakafungwa miezi 11. Silaha za meli? Bunduki mbili za rashasha, zimefunikwa turubai. Kwa hiyo pale kijiweni, lawama yangu naipeleka kwa waliokaa ofisini wakawatuma watu hao bila ulinzi.