Albamu ya kwanza ya Quidam inaishi kwa sauti ya Emila Derkowska

Kundi la Quidam lilitoka Inowrocław, mji wa Polandi ulio mbali na vishindo vya Warsaw, na mwaka 1996 likatoa albamu yake ya kwanza, iliyopewa jina la kundi lenyewe. Wapenzi wa roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye mpangilio tata, huitaja kwa heshima, lakini mara nyingi huharakisha kueleza inafanana na kazi za nani: gitaa la Maciek Meller huwakumbusha Andrew Latimer wa Camel, na sauti ya mwimbaji Emila Derkowska huwakumbusha Annie Haslam wa Renaissance, yote mawili makundi ya Uingereza. Mfanano wa gitaa upo na haufichiki, kwa sababu Meller naye hupenda kuushika mwangwi wa noti moja mpaka ujae chumba. Huu wa sauti ndio ninaoupinga.

Haslam huimba akiwa juu ya muziki, kwa sauti pana iliyofunzwa, na msikilizaji humtazama kama mtu aliye jukwaani. Derkowska hufanya kinyume chake. Huimba karibu sana na maikrofoni, mara nyingi kwa upole, na pale anapopanda juu hapandi ili kuonyesha uwezo wake. Hupanda kwa kuwa muziki umekwisha kujaa na hakuna njia nyingine ya kuendelea. Sikiliza wimbo "Sanktuarium" kwa makini uone jinsi vinanda vya Zbyszek Florek vinavyotandaza msingi mpana, filimbi ikapita juu yake, na bado kinachokuongoza ni sauti ya Derkowska. Vyombo vyote vinamsubiri. Anaponyamaza ndipo gitaa linapopata ruhusa ya kusema, na solo yake huanza kama mwendelezo wa sentensi ambayo mwimbaji aliiacha katikati.

Jambo hilo lina uzito zaidi ukikumbuka mazingira yake. Muziki huu nchini Polandi ulikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, muziki wa waimbaji wanaume. Mwimbaji Czesław Niemen aliweka msingi mwaka 1970 kwa albamu yake "Enigmatic", akaigeuza tungo ya maombolezo ya mshairi Cyprian Norwid kuwa kazi ndefu ya ogani na kwaya. Baada yake likaja kundi la SBB, na katika miaka ya tisini wakaja Collage, kundi jingine la Polandi, ambao albamu yao "Moonshine" ya mwaka 1994 iliwafikisha kwa wasikilizaji wa nje. Collage waliimba albamu hiyo kwa Kiingereza. Vijana wa Inowrocław wangeweza kufuata njia hiyohiyo, nayo ingeonekana ni busara ya kibiashara, lakini albamu yao ya kwanza waliiimba kwa Kipolandi, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyowahi kuyafanya.

Kipolandi kina sauti nyingi laini za kunong'ona, zile zinazoandikwa ś, ć, sz na cz, na mwimbaji asiye mwangalifu anaweza kuzifanya zisikike kama mchanga kwenye spika. Derkowska amezigeuza kuwa sehemu ya mapigo. Katika "Choćbym" konsonanti hizo huangukia mahali ambapo ngoma imeacha nafasi, kiasi kwamba pumzi yake inakuwa chombo kingine cha mdundo. Ukiyaondoa maneno hayo ukaweka ya lugha nyingine, melodia itabaki ila mdundo huo utapotea. Ndiyo sababu toleo la Kiingereza la albamu yao ya pili, "Angels' Dream", halinivuti kama lile la Kipolandi, "Sny aniołów", ingawa mwimbaji ni yuleyule.

Kuna pia suala la kumbukumbu ya nchi. Wimbo "Chocholi taniec" wa albamu ya kwanza, yaani "Dansi ya chochoł", umechukua jina lake kutoka kwenye mwisho wa tamthilia "Wesele" ya Stanisław Wyspiański, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Kraków mwaka 1901. Chochoł ni bunda la majani makavu linalofungwa kuzunguka mti wa waridi ili usife kwa baridi. Katika tamthilia hiyo linapata uhai, linapiga fidla, na wageni wa harusi wanacheza dansi ya duara kama watu walioingiwa na usingizi, huku nafasi ya kupigania uhuru ikiwapita. Mpolandi aliyepita shule huitambua picha hiyo mara tu anapolisikia jina. Quidam hawakuona haja ya kuifafanua kwa mgeni, nami nawaheshimu kwa hilo.

Wapo watakaosema kwamba msikilizaji asiyejua Kipolandi anakosa nusu ya kazi. Hoja hiyo haina nguvu kwetu, watu ambao tumekesha na nyimbo za Kilingala vizazi kwa vizazi bila kuelewa zaidi ya maneno machache. Mwaka 1999 Quidam walipiga kwenye tamasha la Baja Prog huko Mexicali, Meksiko, na rekodi ya onyesho hilo ikatolewa. "Sanktuarium" imo, na hadhira inayozungumza Kihispania haikuhitaji mkalimani.

Albamu ina upungufu. Baadhi ya milio ya vinanda imebeba muhuri wa miaka ya tisini, na zipo sehemu ambapo kundi linarudia wazo zuri mara moja zaidi ya lilivyostahili. Hata hivyo, Derkowska alipoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Bartek Kossowicz kwenye albamu "surREvival" ya mwaka 2005, muziki ulikuwa umepigwa kwa ustadi mkubwa zaidi, na Kossowicz ni mwimbaji mzuri, lakini mimi nilisikia kundi jingine kabisa. Anayetaka kulifahamu Quidam na aanze na ile ya mwaka 1996, aisikilize kwa Kipolandi chake, na asiikate kabla ya "Płonę", kwa sababu ni humo ambamo sauti hiyo inaachiwa hatimaye iende mpaka mwisho wa nguvu zake.